Barua ya Lupiro

Msinitazame hivyo. Najua mnavyosema nikipita sokoni: yule Mngoni mwenye mdomo mrefu siku hizi kanyamaza, kapatwa na nini? Nimepatwa na aibu, ndicho nilichopatwa nacho. Nitasema mara moja tu, na atakayecheka aondoke hapa kibarazani kwangu, maana nimechoka kuchekewa jambo hili.

Namsema Mzee Eustaki. Nyie mliohamia Ifakara juzijuzi hamkumkuta. Alikuwa tarishi wa posta. Kabla ya lori, barua zote za ng'ambo ya mto, kuanzia Lupiro mpaka Mahenge, zilikwenda begani kwake, kwa miguu, kiangazi na masika. Mwaka wa arobaini serikali ikamchukua vitani, akawa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa Uhabeshi na baadaye Bama, ng'ambo ya bahari. Arobaini na sita akarudi, akauchukua mfuko wake wa barua akaendelea na safari. Hamsini na tatu wakampumzisha, wakampa cheti, naye akakitia kwenye kopo la chumvi kisiliwe na mchwa.

Kupumzika gani sasa! Mtu yule nyumba aliiona ni mahali pa kuwekea sufuria. Alfajiri yuko mtoni anategua migono yake ya samaki, jua likipanda yuko mbugani anawatazama sheshe, wale swala wekundu wa bondeni kwetu. Kuwatazama tu, hana bunduki wala mkuki. Mkewe Yosefina alikuwa akimwambia, "Si ungeoa hao sheshe, mimi ukaniacha kwetu." Naye anacheka, anatoa perege wawili kwenye kikapu, mmoja wa kwao, mmoja wa jirani yeyote ambaye moshi haukuonekana jikoni kwake tangu asubuhi.

Na enzi za kazi yake alikuwa hivyo hivyo. Hakukutupia barua mlangoni akaenda zake. Alikaa, akaomba maji ya kunywa, akakusomea kama hujui kusoma, na kama ndani mna msiba hakuondoka mpaka majirani wafike. Vikongwe vya Lupiro alivibebea chumvi na dawa ya macho juu ya mfuko wa serikali. Kusoma alijifunzia jeshini. Ya vita hakuyasema sana. Ukimwuliza Bama kukoje, atakuambia miti ni mirefu na mvua haina adabu. Siku moja tu aliniambia jambo. "Kule, Mngoni, mtu alivumilia risasi, akavumilia mbu. Siku ya barua jina lake lisipoitwa, hapo ndipo alipogeuza uso akalia."

Mimi na yeye tulikuwa watani. Mimi Mngoni wa Songea niliyeolewa huku, yeye Mndamba wa mtoni. Mnajua mambo yetu: babu zetu waliuana humu bondeni, walipochoka wakaona afadhali kutukanana kuliko kuchomana mikuki, nasi tumerithi. Mtani haamkiwi kwa shikamoo hata akiwa na mvi. Anakuita mwizi, unamwita mla kambare. Anakamata kuku wako mchana kweupe, nawe hukasiriki, maana ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Na siku ukifa, mtani ndiye anayesimamia maziko yako, na anawachekesha watu hapo hapo kaburini ili wasife kwa huzuni.

Sasa, Krismasi ya mwaka hamsini na tano Eustaki alinifanyia kitu. Alinijia asubuhi, kakunja uso, akasema Padre amemtuma: baada ya misa atakuja kula kwangu. Kwangu mimi! Nilichinja jogoo, yule mkubwa mwekundu. Nikaazima sahani nyumba tatu. Nikatandika khanga mpya mezani, watoto nikawapaka mafuta mpaka wakang'aa. Mchana akaingia Eustaki, kavaa kaptura yake ya Keya iliyopigwa pasi, medali kifuani, akasema, "Padre amepata udhuru. Amenituma nimwakilishe." Akala paja, akala kidari, akaomba na mchuzi. Mtaa mzima ulinicheka mpaka Mwaka Mpya ukapita. Mume wangu Kasmiri alicheka mpaka akapaliwa. Nami nilicheka, lakini moyoni nikasema: Mndamba, utanilipa.

Hapa sharti niwaambie habari ya Ildefonce. Huyu ni mtoto wao wa pekee. Mwaka arobaini na tisa alikwenda Tanga kukata mkonge, enzi hizo wazazi wake bado wanakaa Lupiro. Mwaka wa kwanza aliandika barua moja. Baada ya hapo, kimya. Watu waliotoka huko wengine walisema amekwenda Mombasa, wengine walisema hawamjui. Wazee wakahamia Ifakara kwa ajili ya miguu mibovu ya Yosefina, awe karibu na matibabu. Na kila siku ya Mungu Eustaki alipita posta. Alisema anakwenda kuwasalimia wenzake wa kazi. Sote tulijua anakwenda kuuliza nini, na sote tulijifanya hatujui. Mtu amebeba barua za watu miaka na miaka, yake yeye haiji.

Na katika utani wake wote, jamani, barua hakuigusa. Angekutania juu ya mama yako, juu ya pua yako, juu ya mume wako. Barua, hata siku moja. Nami nilikuwa nalijua hilo. Naomba mlisikie vizuri: nilikuwa nalijua.

Ikaja masika ya hamsini na sita. Mwezi wa nne mto ulivimba, bonde likawa maji matupu, pantoni ikasimamishwa, barua za ng'ambo zikawa zinavushwa kwa mtumbwi kama zamani. Asubuhi moja mvua ilikatika kidogo. Nilikuwa uani na jirani zangu wanne tunapepeta mchele, Eustaki akapita na samaki zake kamba nzima.

"Mwizi!" akaniita. "Mpunga huo umemwibia nani?"

Wenzangu wakacheka. Nami sijui nilipatwa na shetani gani. Nikasema bila hata kuinua kichwa, "Badala ya kunusanusa uani kwa watu, nenda posta ukachukue barua yako. Kasmiri ameiona mezani pale, ina jina lako."

Akasimama. "Ya nani?"

"Nitajuaje mimi? Kasema imetoka Tanga."

Aliweka samaki chini, kwenye tope, hakutazama hata anawaweka wapi. Akaondoka anakimbia. Mtu wa miaka hamsini na kitu, anakimbia kama mtoto aliyeitwa kula. Wanawake wakaniuliza, "Kweli, Aurelia?" Nikasema, "Ah wapi! Mwacheni akimbie kidogo, si alikula jogoo wangu?" Tukacheka, mimi kwa sauti kuliko wote. Nilidhani karani atamwambia hakuna kitu, naye atarudi kunifukuza na fimbo, basi, tumelipana.

Alirudi kweli, wala hakuwa na fimbo. Alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Imeshaondoka," akasema. "Karani anasema mzigo wa ng'ambo umetoka asubuhi hii kwa mtumbwi, na kama palikuwa na ya kwangu, imo humo humo. Unaona, Mngoni? Ildefonce hajui kama tumehama! Ameandika anwani ya Lupiro. Naifuata."

Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Neno moja tu: nimekutania. Wale wanawake walikuwa wamejiziba midomo kwa khanga, mabega yanacheza. Na uso wake ulikuwa unang'aa kiasi kwamba niliona haya kuuzima. Lakini nisijipake uzuri. Kulikuwa na jambo jingine: nilitaka mzaha unoge zaidi. Nilijiambia atafika kivukoni, aone maji yalivyo, ageuke, na hapo tutacheka wiki nzima.

Nikasema tu, "Mto umejaa, wewe mzee. Ngoja upungue."

"Mto huu nimeuvuka wewe hujazaliwa," akasema. "Samaki hao mpelekee Yosefina." Akashika njia ya kivukoni.

Nilimpelekea. Nilimkuta Yosefina mlangoni, mikono kifuani, maana mumewe alikwishapita kumwambia. Akanikumbatia, samaki na matope na vyote, akasema, "Yuko hai, Aurelia! Mwanangu yuko hai!" Nikasema nimeacha chungu motoni. Njiani nikampita mtu ninayemfahamu, na baiskeli yake. Ningemwambia tu, kimbia kivukoni umzuie mzee, angemkuta bado anangoja mtumbwi. Nikamwuliza habari za nyumbani, akasema nzuri, akaenda zake.

Siku ya nne Eustaki alirudi. Alivuka salama, Mndamba hafi majini. Lakini kutoka mtoni mpaka Lupiro alikwenda ndani ya maji, pengine ya magoti, pengine ya kifua, na mvua juu yake. Lupiro wakafungua mfuko mbele yake, wakatafuta, hakuna. Akawaambia watafute tena. Wakatafuta tena. Akalala pale na nguo mbichi, asubuhi akauliza mara ya tatu, ndipo akageuka. Alipofika kwake kifua kilikuwa kinakoroma, akasema ana baridi, na jua lilikuwa kali. Kichomi. Alitibiwa, alipigwa sindano, hakuna lililosaidia.

Nilikwenda kumwona siku ya pili ya homa, mchana. Nilikwenda kusema, nawaapia. Niliyapanga maneno njia nzima. Nikamkuta amelala, Yosefina anamkanda kifua kwa kitambaa cha moto. Aliponiona akajaribu kunitukana, pumzi ikamkatikia njiani, akabaki kutabasamu.

"Imepotea, mtani," akasema. "Miaka yote hiyo sijapoteza barua ya mtu hata moja. Yangu ndiyo wameipoteza."

Yosefina akamwambia anyamaze apumzike.

"Lakini ameandika," akamwambia mkewe, kamshika mkono. "Hilo ndilo kubwa. Ameandika."

Sasa niambieni, ningesema nini hapo? Mnasema ningesema kweli. Haya, nyie ni wazuri kuliko mimi. Mimi nilirekebisha blanketi miguuni, nikatoka nje. Siku ya tatu akafa.

Wakaja kuniita, maana bila mtani maziko hayaendi. "Njoo ufanye kazi yako," wakasema, na Wandamba wenyewe wakasema wanamtaka Aurelia, hapana mwingine, kwa sababu mzee alimpenda. Nikaenda. Nilifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Nilimwiga anavyotembea na mfuko, kifua mbele, miguu upande. Nilimwiga anavyosaluti swala. Watu walicheka machozi yakawatoka, na katekista aligeuka pembeni akajifanya anakohoa. Jeneza likafika. Nikashuka kaburini, nikajilaza, nikasema sitoki mpaka nipewe kuku, kama ilivyo ada.

Na nikiwa mle chini, mgongo kwenye udongo ule wa baridi, nikiona nyuso zao zimenizunguka juu, nilishindwa. Nikainuka nikasimama. Nikasema, "Wandamba, nisikilizeni. Mtu huyu nimemuua mimi."

Wakaangua kicheko.

"Sitanii! Hapakuwa na barua! Nimemdanganya mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamtia majini!"

Lo, walivyocheka! Mmoja akasema, "Hawa ndio Wangoni, wanaua halafu wanadai kuku." Nikaanza kulia, kulia kwa kweli, nikajipiga kifua, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyoshikana wasianguke. "Analia vizuri!" wakasema. "Mpeni kuku, mpeni na jogoo!" Wale jirani zangu wanne waliokuwa wakipepeta nami walikuwa pale. Walitazama chini. Hawakucheka, wala hawakufungua mdomo. Na nikamwona Yosefina, mikononi mwa wanawake, tangu mumewe afe hajala wala hajasema kitu. Naye alikuwa anacheka. Wenzake wakasema, mshukuruni Mngoni, amemrudishia pumzi. Wakanivuta juu, wakaniweka kuku mkononi, wakamzika.

Nilidhani nitazoea. Mtu huzoea mambo mengi. Lakini mwishoni mwa mwezi wa tano maji yakashuka, pantoni ikaanza tena, na nikasikia kwamba Yosefina anajiandaa kwa safari. Nikaenda mbio. Nikamkuta anafunga mzigo: mkeka, kibuyu cha maji, unga, viatu vya marehemu vya jeshi vilivyojazwa matambara ili vimtoshe.

"Unakwenda wapi na miguu hiyo?"

"Lupiro," akasema. "Ikikosekana, Mahenge. Barua haiyeyuki, Aurelia. Iko mahali. Nikiipata nitajua yuko wapi, nimwambie baba yake amekufa."

Vidonda vya miguu yake vilikuwa wazi, nzi wanatua. Nikaona kabisa: atakufa njiani, na huyu naye atakuwa wangu.

"Hapakuwa na barua," nikasema.

Akacheka kidogo. "Wewe nawe! Kaburini ulinichekesha, Mungu akulipe. Leo inatosha, mtani. Nishikie kamba hapa."

"Yosefina, nakuapia kwa Bikira Maria. Kasmiri hakuona kitu. Nilitunga mwenyewe, kwa ajili ya jogoo wa Krismasi. Wanne wamenisikia, nenda kawaulize mmoja mmoja. Nilitaka kumwambia aliporudi kutoka posta, sikumwambia. Nilitaka kumwambia akiwa anaumwa, sikumwambia."

Alibaki na tabasamu lake, ananitazama, anangoja nicheke. Sikucheka. Jogoo wa jirani akawika, mwanamke akapita njiani akatusalimu, hakuna aliyemwitikia. Halafu nikaona tabasamu linaondoka, taratibu, na kamba ikamtoka mkononi.

"Basi Ildefonce hajaandika," akasema.

Hakusema umeniulia mume. Ningemshukuru kama angesema. Alisema hilo tu, na aliketi chini kwa uzito juu ya mzigo wake.

Nikapiga magoti. "Nipige, Yosefina. Nitukane. Niite muuaji mbele ya watu, nitaitika. Twende hata kwa jumbe, nitasema yote."

"Mtani hapigwi," akasema. "Wala hashtakiwi. Ndivyo tulivyokuta." Sauti yake haikuwa na ukali, na hilo ndilo lililoniogopesha. Akaanza kufungua mzigo. Akatoa mkeka, akautandika pale ulipokuwa. Akarudisha unga kwenye mtungi. Akayatoa matambara ndani ya viatu, moja moja, akayakunja. Sikuthubutu kumsaidia.

Alipomaliza akanitazama. "Nenda kawaangalie watoto wako, mama Digna."

Tangu nifahamiane na mwanamke yule, na ni miaka mingi, alikuwa akiniita Mwizi, akiniita Mkia wa Panya, na siku za furaha au msiba Aurelia, jina tupu. Mama Digna ni jina wanaloniita wateja wangu wa mchele.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilimwona anashuka ngazi za kanisa kwa taabu, kashikilia ukuta. Nikajikaza. Nikapaza sauti kila mtu asikie, "Wee Mndamba! Miguu hiyo umeazima kwa kiboko?"

Watu wakaanza kucheka, wakageuka kumngoja ajibu, maana kwa matusi Yosefina alikuwa ananishinda mbali. Nilimwomba Mungu anitukane. Tusi lolote, hata la kunivua nguo mbele ya Padre, ningelipokea kwa mikono miwili.

Alifika chini ya ngazi. Akaiweka sawa khanga yake begani, akainamisha kichwa kidogo, kama anavyosalimiwa mke wa mgeni kutoka mbali.

"Tumsifu Yesu Kristu, mama," akasema. "Watoto hawajambo?"

Kicheko cha watu kikafa pale pale. Nikaitikia, "Milele, amina. Hawajambo." Akasema anashukuru kusikia hivyo, akapita.

Mwaka wa pili huu. Kila tukikutana ananisalimia hivyo hivyo, kwa adabu, nami naitikia.